Mgeni, Siri na "Ile Hela": Lugha ya Kufundishia Usalama wa Mtandaoni katika Shule za Msingi Tanzania

Ikisiri

Mafunzo ya kompyuta katika shule za msingi za umma nchini Tanzania hutolewa kwa Kiswahili, na hatari nyingi zinazomfikia mtoto kupitia simu humfikia kwa Kiswahili. Hata hivyo, maonyo anayopewa mtoto huyo aghalabu yana sura ya maonyo yaliyotungwa kwanza kwa lugha nyingine. Makala haya yanachambua maneno machache yanayobeba somo la usalama wa mtandaoni, yaani mtandao, mgeni, siri na nenosiri, pamoja na matini moja ya utapeli inayofahamika sana nchini. Hoja kuu ni kwamba somo hili likijengwa juu ya nomino, yaani mtu gani au mahali gani ni pa hatari, Kiswahili chenyewe hulikwamisha. Likijengwa juu ya tendo-uneni, yaani msemaji anaomba nini na anaombaje, Kiswahili hulisaidia. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya somo inaweza kubebwa na mwalimu wa Kiswahili, hata katika shule isiyo na kompyuta.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa wanaisimu kuhusu Kiswahili na kompyuta umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa istilahi. Tulibishana juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Tukashangilia, kwa haki kabisa, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Tukaorodhesha maneno na kuyapeleka kwenye mabaraza. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa, lakini ilimlenga mtumiaji mtu mzima aliyeketi mbele ya mashine. Mtoto wa Darasa la Tatu anayesoma TEHAMA hakuwa akilini mwetu.

Mtoto huyu sasa anahitaji kuangaliwa. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Na. 25 ya mwaka 2021, inazitaka nchi wanachama zihakikishe kuwa stadi za kidijitali zinafundishwa shuleni kuanzia ngazi ya awali. Tanzania nayo ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hizo huanza kufanya kazi baada ya kosa kutendeka, au zinamfunga mtu anayekusanya taarifa. Kinachomlinda mtoto wakati ule ule ambapo ujumbe umeingia na simu iko mkononi mwake ni uwezo wake wa kuusoma ujumbe huo na kutambua kinachotendwa ndani yake. Uwezo huo ni wa kilugha kabla ya kuwa wa kiufundi.

Makala haya hayaripoti utafiti wa uwandani. Yanachambua lugha ya somo na lugha ya hatari, kisha yanaziweka ubavu kwa ubavu.

2.0 Mtandao ni mahali gani?

Tuanze na neno linaloonekana kuwa jepesi. Mtandao, lililotokana na kitenzi kutanda, linabeba angalau maana nne katika mazungumzo ya kila siku. Ni intaneti. Ni kampuni ya simu ("wewe unatumia mtandao gani?"). Ni mawimbi ya simu ("huku kwetu hakuna mtandao"). Ni kundi la watu wanaoshirikiana kwa siri katika jambo baya ("mtandao wa wezi wa pikipiki"). Kwa mtoto wa kijijini, maana ya tatu huenda ndiyo ya kwanza kuijua. Akisikia "usalama wa mtandao", anaweza kudhani kwamba kuna mtu anayelinda mnara.

Uvuli wa maana si kasoro ya kutisha. Lugha zote huishi nao. Tatizo kubwa zaidi limo katika kiambishi -ni. Tunaposema mtandaoni tunaufanya mtandao kuwa mahali, na mahali huingiwa na kutokwa: mtu huingia mtandaoni, hushinda mtandaoni, hutoka mtandaoni. Onyo lolote linalojengwa juu ya sitiari hii humfikia mtoto anayejiona kuwa huingia huko. Mtoto ambaye nyumbani kwao kuna kitochi kimoja tu, kinachopokea simu na ujumbe mfupi, husikiliza somo hilo kama anavyosikiliza habari za bahari ilhali yeye anaishi Singida. Lakini ujumbe wa tapeli haumsubiri aingie popote. Huja sebuleni, na pengine yeye ndiye anayeitwa aje amsomee bibi.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya somo inafaa imtaje mjumbe badala ya mahali. "Simu inapoleta maneno" ni kauli isiyo na fahari ya kiistilahi, lakini inamjumuisha kila mtoto darasani. Neno usalama nalo lina mzigo wake, maana linafunika kwa pamoja hali ya kutodhurika na kazi ya kulinda, bila kutaja maana yake ya mtaani inayohusu maofisa wasiovaa sare. Watunga sheria walitumia ulinzi pale walipotaka kutaja kazi, na walimu wanaweza kuwafuata.

3.0 Mgeni njoo

Maonyo ya watoto yaliyoenea duniani yamejengwa juu ya mtu mmoja: yule usiyemfahamu. Yakitafsiriwa moja kwa moja, hutoa sentensi kama "usizungumze na wageni mtandaoni". Sentensi hii ni sahihi kisarufi na imevunjika kimaana. Mgeni kwa Kiswahili ni mtu usiyemfahamu, lakini pia ni mtu aliyekuja kwako na anayestahili kukaribishwa, kupewa maji na kiti. Mtoto yule yule amefundishwa katika kipindi cha Kiswahili kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuwezi kumpa methali asubuhi na kinyume chake mchana, kisha tukategemea kwamba yeye mwenyewe ataigawa maana.

Baadhi ya walimu hubadilisha na kusema "mtu usiyemjua". Hilo ni afadhali, lakini halitoshi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kilugha. Kiswahili kinaruhusu, tena kinataka, majina ya ukoo yatumiwe kwa watu wasio wa ukoo. Muuza mchicha ni mama, kondakta ni kaka au anko, mzee asiyejulikana kituoni ni babu. Ujumbe unaoanza na "mwanangu" au "mdogo wangu" hauvunji kanuni yoyote ya adabu, unaifuata. Tapeli hahitaji kujifanya ndugu kwa hila kubwa kwa kuwa lugha imekwisha kumfungulia mlango wa undugu. Na ile mitandao ya kijamii imeongeza neno rafiki, ambalo sasa laweza kumtaja mtu ambaye hujawahi hata kumsikia sauti.

Sababu ya pili ni ya kimaisha, na ndiyo nzito. Anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu anayemjua: jirani, ndugu, mkubwa anayeheshimika. Onyo linaloanza kwa kugawa watu katika wanaojulikana na wasiojulikana humwacha mtoto bila neno lolote siku ambayo anayemwomba picha ni mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi.

Hapa ndipo tendo-uneni linapotufaa. Tangu Austin (1962), isimu imetufundisha kwamba kusema ni kutenda. Msemaji huomba, huahidi, hutisha, husifu, huharakisha, huapisha. Orodha hii haitegemei ni nani anayesema. Mtoto wa miaka tisa anaweza kufundishwa kuuliza swali moja lisilo na mgeni wala mwenyeji ndani yake: maneno haya yanataka nifanye nini? Iwapo jibu ni "nitume pesa", "nitume picha", "nitaje namba", "nije peke yangu" au "nisimwambie mtu", basi amekwisha kufika penye hatari, awe amemjua msemaji au hakumjua.

4.0 "Ile hela": uchambuzi wa matini moja

Kuna matini ambayo Mtanzania mwenye simu hahitaji kuelezwa. Ina sura nyingi, na mojawapo ni hii: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Haina salamu wala saini. Watu wengi huicheka, nayo imegeuka kuwa utani wa vijiweni. Nadhani tumeicheka mapema mno, maana kama kazi ya lugha ni matini iliyosukwa kwa ustadi, na kila neno lake linaweza kuwa somo.

Neno la kwanza ni kioneshi ile. Katika Kiswahili, kioneshi cha mbali kikitangulia nomino mara nyingi hakioneshi umbali. Hudai kwamba kitu kinachotajwa kimekwisha kujulikana na wazungumzaji wote wawili. "Yule mtu alikuja?" ni swali la watu waliokwisha kuzungumza juu ya mtu huyo. Mwandishi wa matini hii hasemi kwamba kuna deni. Anadhani tu kwamba lipo, na kumwachia msomaji kazi ya kulitafuta. Miongoni mwa maelfu wanaopokea ujumbe, wapo ambao kweli wanangoja kumtumia mtu pesa ya ada, ya mbolea au ya matibabu. Hao huijaza ile wao wenyewe.

Kisha kuna kiambishi cha yambwa -i- katika itume. Kwa nomino zisizo na uhai kiambishi hiki si cha lazima, na kinapotumiwa huimarisha uhakika wa kitu. Kwa hiyo dai la ile linapigiwa msumari wa pili. Namba, kwa upande wake, inapewa hii, kioneshi cha karibu, kana kwamba mwandishi amekaa pembeni yetu akiinyoshea kidole. Kitu cha zamani kinapelekwa mahali papya kwa sentensi isiyo na pumzi.

Sehemu ya mwisho ndiyo ya hila kuliko zote. Huduma za fedha kwa simu humwonesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha malipo. Hatua hiyo iliwekwa ili imlinde. "Jina litakuja la fulani" inaigeuza hatua hiyo kinyume: jina geni linapotokea kwenye kioo, halimshtui msomaji bali linamthibitishia kwamba ameambiwa kweli. Wakati ujao -ta- unatoa utabiri, utabiri unatimia, na imani inaongezeka. Mhandisi aliweka kizuizi na sentensi moja ikakiondoa.

Hata kutokuwepo kwa salamu kuna maana. Katika jamii ambamo kuanza mazungumzo bila salamu ni utovu wa adabu, wanaoruhusiwa kuiacha ni watu waliokuwa wakizungumza muda mfupi uliopita. Ukimya wa mwanzo unaiga mazungumzo yanayoendelea.

Nimekaa juu ya matini hii kwa sababu inaonesha kwamba vifaa vya kujikinga viko tayari katika kipindi cha Kiswahili. Vioneshi, nyakati na viambishi hufundishwa huko, kwa kawaida kupitia sentensi zisizo na damu kama "kile kiti ni kirefu". Mwalimu anayeandika "ile hela" ubaoni na kuuliza "ipi?" amefundisha sarufi na amefundisha ulinzi kwa pumzi moja. Vivyo hivyo kwa "akaunti yako imefungwa", ambayo kauli yake ya kutendwa inamficha mtenda: imefungwa na nani? Na kwa "hongera, umeshinda", ambayo -me- yake hulitangaza tukio kuwa limekwisha kabla msomaji hajakumbuka kwamba hakushiriki bahati nasibu yoyote.

Yupo atakayepinga kwamba kuchambua utapeli darasani ni kuwafundisha watoto kutapeli. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama matini hizo zingekuwa siri. Zimo katika simu za wazazi wao tayari. Darasa linaongeza swali tu.

5.0 Siri mbili katika neno moja

Neno siri ndilo ninaloliona kuwa la hatari kuliko yote katika somo hili, na sioni likizungumzwa. Watoto wengi wa Tanzania walilijua kwa njia ya fedha za simu: namba ya siri. Wakifika shuleni wanakutana na nenosiri. Mafundisho yote mawili yanasema kwamba siri ni kitu chema, kitunzwe, asiambiwe mtu. Sasa mfikirie mtu mzima anayemwandikia mtoto, au anayemnong'oneza, "hii ni siri yetu". Neno ni lile lile, na maadili yaliyofungwa ndani yake ni yale yale. Mtoto mtiifu, aliyelishika somo la kompyuta vizuri kuliko wenzake, ndiye atakayenyamaza.

Jambo linazidi kuwa gumu kwa sababu siri ina jamaa zake. Faragha ni nafasi ya mtu kuwa peke yake bila kuingiliwa; sitara ni kufunika kinachopaswa kufunikwa, hasa mwili na aibu. Katika jamii za pwani, na sasa katika matumizi ya jumla, kusitiri ni wema: mtu humsitiri mwenzake, naye Mungu humsitiri. Mtoto aliyedhurika, akahisi aibu, ana msamiati mzima unaomwelekeza kufunika. Methali zinavutana: asiyesikia la mkuu huvunjika guu inamtaka amtii aliyemwomba anyamaze, ilhali mficha uchi hazai na mficha maradhi kifo humuumbua zinamtaka aseme. Kipindi cha methali, ambacho kwa kawaida huishia kwenye kujaza nafasi zilizo wazi, kingeweza kuwa mahali pa kuzigombanisha hizo mbili mbele ya wanafunzi na kuwauliza lini kila moja husema kweli.

Pendekezo la makala haya ni kwamba somo liyatenge maneno hayo. Kinachofungua mlango kiitwe ufunguo, au kiendelee kuitwa namba ya siri na nenosiri kwa kuwa mazoea ni sheria, lakini kielezwe kwa mfano wa ufunguo: hakielezi habari ya mtu yeyote, kazi yake ni kufungua tu. Kinachohusu mwili na maisha ya mtoto kiitwe faragha, na hapo mwenye kuamua ni mtoto. Siri kwa maana ya jambo ambalo mtu mwingine amemtaka mtoto alifiche, hiyo ifundishwe waziwazi kuwa haimfungi. Tofauti inaweza kusemwa kwa sentensi ambayo mtoto wa Darasa la Nne ataielewa: ufunguo unautunza wewe, siri ya mkubwa haikuhusu kuitunza.

Ukweli wa nyumbani nao usikwepwe. Si ajabu mtoto kutumwa kwa wakala akiwa na simu ya mama na namba ya siri kichwani. Mwalimu akisema "usimwambie mtu yeyote namba ya siri" na mtoto anajua kwamba nyumbani namba hiyo inajulikana na watu watatu, atakachojifunza ni kwamba kanuni za shuleni ni za kujibia mtihani. Yeyote ni neno kubwa. Ni heri kanuni ndogo iliyo kweli: anayepiga au kuandika akaomba namba, hapewi, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu.

6.0 Nenosiri au nywila

Juu ya istilahi hizi mbili nitapita haraka. Nywila ni fupi, ina sura nzuri, na haimwambii mtoto chochote. Nenosiri inamwambia kitu, lakini inamwambia kwamba ni neno, na mtoto huchagua neno: jina lake, simba, mama. Wataalamu wa ulinzi wa mifumo, wakiwemo wa taasisi ya viwango ya Marekani katika mwongozo wao wa mwaka 2017, sasa wanasisitiza urefu kuliko mchanganyiko wa alama. Kiswahili kiko vizuri hapo, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja kinaweza kubeba nafsi, wakati, yambwa na kauli. Mwanafunzi anayejua kunyambua anaweza kutunga sentensi ya kipuuzi isiyo na nafasi, kukuwetuhupendamahindimabichi, yenye herufi 29 na isiyosahaulika. (Msomaji asiitumie hii; imekwisha kuchapishwa.)

7.0 Kukataa kwa adabu

Somo likimfundisha mtoto kutambua ombi baya bila kumpa maneno ya kulikataa, limemfikisha nusu ya safari. Tunajua kutokana na Brown na Levinson (1987) kwamba kukataa ni tendo linalotishia hadhi ya aliyeomba, na kwamba uzito wake huongezeka kadiri mamlaka yanavyopishana. Kwa mtoto wa Kiswahili mbele ya mkubwa, "hapana" tupu ni karibu na tusi. Kampeni zinazomtaka apaze sauti na kusema hapana zinamtaka avunje jambo alilolelewa nalo tangu alipojifunza shikamoo, na zinamtaka alivunje wakati ambapo ameogopa.

Lakini Kiswahili kina kukataa kwingine, kule kwa kuahirisha na kuelekeza kwa mkubwa mwingine: "Ngoja kwanza nimuulize mama." Sentensi hii haimvunjii mtu heshima. Inamtaja mkubwa mwenye haki juu ya mtoto. Zaidi ya hayo, inagusa mahali ambapo ombi baya haliwezi kustahimili, maana utapeli na udhalilishaji vyote viwili hutegemea haraka na upweke. Mtu mwema atajibu, "sawa, muulize." Mwingine atasema, "usimwambie," na kwa kusema hivyo atakuwa amejitaja. Mtoto afundishwe kuisema kwa sauti, kuiandika, kuiigiza na mwenzake, kama anavyofundishwa maamkizi. Na kwa kuwa mama anaweza kuwa mbali, au mwenye kosa anaweza kuwa wa nyumbani, sentensi iwe na nafasi ya kubadilishwa: nimuulize mwalimu, nimuulize shangazi.

8.0 Nafasi ya mwalimu wa Kiswahili

Huko New Zealand, Tim Bell na wenzake walionesha tangu miaka ya 1990 kwamba misingi ya sayansi ya kompyuta inaweza kufundishwa kwa kadi, kamba na chaki, bila mashine. Sehemu ya ulinzi inahitaji hata vichache kuliko hivyo. Sisi wenyewe tuna kielelezo cha zamani zaidi: shule zetu zilifundisha kuandika simu ya maandishi, kwa kubana maneno kwa sababu kila neno lililipiwa, ilhali wanafunzi wengi hawakuwa na nafasi ya kutuma hata moja. Ujumbe mfupi ni mjukuu wa simu hiyo, na huu unawafikia wote. Ajabu ni kwamba haujapewa nafasi yake miongoni mwa tungo tunazofundisha kusoma.

Kwa Kenya hali ni tofauti kidogo. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi, lakini kuanzia Gredi ya Nne lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mtoto hujifunza onyo kwa lugha moja na kupokea mtego kwa nyingine, Kiswahili au Sheng. Huko hoja ya kulihusisha somo la Kiswahili ina nguvu zaidi.

Kinachohitajika kwa kuanzia si kitabu kipya. Kiongozi cha mwalimu wa Kiswahili cha Darasa la Tatu au la Nne kinaweza kuongezewa matini kumi fupi, tano za kweli za kifamilia na tano za hila, zikiwa zimechanganywa: ya shangazi anayeomba atumiwe picha ya sare mpya, ya baba aliye safarini anayesema ada itatumwa kesho, ya "ile hela", ya "umeshinda", ya "usimwambie mama". Wanafunzi wazisome kwa sauti, wataje kila moja inaomba nini, wapigie mstari neno linalodai yasiyokuwepo, kisha waandike jibu. Nusu ya kwanza ni muhimu kama ya pili, kwa sababu mtoto anayeona hila kila mahali hatamjibu hata shangazi. Matini zenyewe zikusanywe upya kila baada ya miaka michache, maana watapeli huhariri kazi zao haraka kuliko wachapishaji wa vitabu, na upungufu huo hautaondolewa na mtaala wowote.